Mafunjo Yanayooza Ndiyo Ghala la Ziwa

Wafanyakazi wengi wa viwandani na mashambani hununua samaki siku ya mshahara, lakini ni wachache wanaojiuliza samaki yule alikula nini hata akanenepa. Ng'ombe tunamjua, hula majani. Kuku hula mahindi na wadudu. Samaki wa ziwa dogo kama Nakivale, huko Rugaaga katika wilaya ya Isingiro nchini Uganda, naye ana jiko lake. Jiko hilo liko mahali ambapo mpita njia hushika pua: ukingoni mwa ziwa, katika mafunjo na matete yaliyolala majini, meusi, laini, yakiendelea kuoza.

Kwa sababu ya harufu ile, watu wengi huamini kwamba uozo ni uchafu mtupu, na kwamba ukingo ukifyekwa mpaka ukawa mweupe, ziwa litakuwa safi zaidi. Imani hiyo imewagharimu sana wananchi wa Afrika Mashariki. Katika makala hii tutaeleza jinsi mimea ya majini inavyooza na kuwa chakula cha ziwa zima, kwa nini uozo huo huo ukija kwa wingi na kwa ghafula huua samaki, na jambo hili linamhusu vipi mfanyakazi ambaye labda hajawahi kushika wavu wala kasia.

ZIWA NA WATU WAKE

Ziwa Nakivale ni moja katika mlolongo wa maziwa madogo ya kusini-magharibi ya Uganda, pamoja na Mburo, Kachera na Kijanebalola. Maziwa haya hutegemea sana Mto Rwizi. Mto huo huanzia katika vilima vya Buhweju, hupita katika mji wa Mbarara ambako wakazi na viwanda hutumia maji yake, kisha huteremka upande wa mashariki na kuingia katika vinamasi vya mafunjo vilivyoyazunguka maziwa hayo. Mwishowe maji huelekea Ziwa Viktoria. Nakivale si ziwa la kina kirefu. Ni mita chache tu zinazotenganisha uso wa maji na tope la chini. Ndugu msomaji aliweke jambo hilo akilini, maana tutalihitaji mbele.

Kando ya ziwa ndiko yaliko makao ya wakimbizi ya Nakivale. Yalianzishwa mwaka 1958, na wengi waliokaa hapo mwanzoni walitoka Rwanda. Leo ni miongoni mwa makao ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Afrika, nayo yana watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine. Kiswahili ndicho lugha ya soko lao. Wenyeji wa gombolola ya Rugaaga na jirani zake hulima ndizi na kufuga ng'ombe, na wakimbizi wengi hufanya kibarua katika mashamba ya wenyeji. Mwenyeji na mkimbizi, mvuvi na kibarua, wote hutegemea maji yale yale. Maji ya ziwa husafishwa na kusambazwa katika makao, na samaki wake huuzwa sokoni.

Mwaka 2006 vinamasi vya Mburo na Nakivale viliingizwa katika orodha ya ardhi za majimaji zenye thamani kwa dunia nzima, chini ya mkataba uliotiwa saini katika mji wa Ramsar, nchini Iran, mwaka 1971. Uganda ilijiunga na mkataba huo mwaka 1988. Basi yale mafunjo yanayodharauliwa yana heshima yake hata mbele ya mataifa.

JANI LIKIFA, KAZI HUANZA

Mafunjo hukua upesi kuliko mimea mingi ya dunia hii. Shina moja huweza kupita urefu wa mita 4, nalo huishi miezi michache tu. Likizeeka huanguka, na jingine huchipua mahali pake. Ni wanyama wachache wanaoyala mafunjo yakiwa mabichi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mmea huu huliwa baada ya kufa kwake. Hapo ndipo kazi ya kuoza inapoanza, nayo ina hatua zake kama ilivyo kazi ya kiwandani.

Hatua ya kwanza ni kulowa. Mfanyakazi wa chai ataielewa mara moja. Ukitia majani ya chai katika birika, rangi na ladha hutoka bila jani lenyewe kusagika. Vivyo hivyo jani lililokufa likilala majini, katika siku chache za mwanzo hutoa sukari, chumvi na vitu vingine viyeyukavyo. Ndiyo maana maji ya kinamasi huwa na rangi ya chai ya rangi. Vitu hivyo vilivyoyeyuka havionekani, lakini ni chakula tayari kwa bakteria walio majini.

Hatua ya pili ni ya vijidudu. Kuvu na bakteria hulivamia jani, wakalila polepole kutoka ndani na nje. Jani kavu la mafunjo ni kama ugali usio na mboga: linashibisha, lakini halijengi mwili, kwa kuwa lina nyuzi nyingi na protini kidogo. Watafiti walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba kabla shina la mafunjo halijafa, mmea huvuta sehemu ya chumvi zenye rutuba na kuziweka akiba katika mzizi wake mnene. Kinachoanguka majini ni makapi. Vijidudu ndio kitoweo. Wakisha kulifunika jani na kuzaana juu yake, jani hilo huwa na protini zaidi kuliko lilivyokuwa siku lilipoanguka. Mdudu anayelitafuna hupata ugali na mboga yake.

Hatua ya tatu ni ya wenye meno. Mabuu ya visubi, konokono, minyoo na wadudu wengine wa majini hulikata jani vipande vipande. Kila kipande kinapopungua, vijidudu hupata nafasi mpya ya kushika. Kinyesi cha wadudu hao nacho huliwa na wadogo zaidi. Hakuna kinachopotea.

Mabaki ya mwisho ni mboji. Hizo ni nyuzi ngumu zilizoshindikana, zinazotuama chini na kujengeka mwaka baada ya mwaka. Muda wa safari hii hutegemea mmea. Majani laini kama ya yungiyungi huweza kwisha katika majuma machache. Mashina ya mafunjo huchukua miezi mingi, na sehemu nyingine hukaa miaka. Ukawiaji huo si kasoro. Ni sawa na ghala linalotoa posho kidogo kidogo, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, badala ya kumwaga magunia yote siku moja.

NANI HULA NANI

Chakula hicho humfikia samaki kwa njia kadhaa. Bakteria huliwa na viumbe vidogo vielezavyo majini, navyo huliwa na vifaranga vya samaki. Mabuu na konokono huliwa na kambare na furu. Ngege hula hasa ukijani mdogo uelezao majini, na pia huokota mboji. Watafiti waliofanya kazi katika Ziwa George, Uganda, walionyesha mnamo mwaka 1973 kwamba tumbo la ngege hutoa asidi kali sana, ambayo humwezesha kusaga ukijani ambao samaki wengi hawauwezi. Ukijani huo nao hukua kwa rutuba iliyoachiliwa na mimea iliyooza. Basi kwa njia moja au nyingine, ngege wako wa kukaanga ana deni kwa mafunjo.

Yako pia manufaa ya nyumba. Kati ya mashina ya mafunjo, mafurushi ya majani yaliyolala na mizizi inayoning'inia, vifaranga vya samaki hujificha wasiliwe na wakubwa. Katika Ziwa Nabugabo, karibu na Masaka, wanasayansi waligundua katika miaka ya 1990 kwamba aina fulani za furu zilizokwisha katika maji ya wazi, baada ya sangara kuletwa, ziliponea katika vinamasi vya ukingoni. Sangara anataka hewa nyingi. Furu wale waliweza kuvumilia maji yenye hewa kidogo. Kinamasi kikawa ngome yao.

GHARAMA YA KAZI HIYO

Sasa tuje kwenye upande wa pili, maana kusifu uozo bila kutaja gharama yake si haki. Vijidudu vinavyoozesha majani hupumua kama sisi. Hutumia hewa ya oksijeni iliyoyeyuka majini. Na hewa hiyo ni haba. Lita moja ya maji yenye joto la sentigredi 25 haiwezi kushika zaidi ya miligramu 8 hivi za oksijeni. Hewa hiyo huingia kwa upepo unaopiga uso wa maji, na kwa mimea hai ya ndani ya maji wakati wa jua. Usiku mimea haitoi oksijeni bali nayo huitumia, kwa hiyo alfajiri ndiyo saa ya dhiki kubwa kwa samaki.

Hesabu yake ni kama hesabu ya mshahara. Oksijeni inayoingia ni mapato, na uozo ni matumizi. Mapato yakizidi, samaki wote huishi. Matumizi yakilingana na mapato, huponea samaki wenye maarifa, kama kamongo, ambaye Waganda humwita emamba, na kambare. Wawili hao huweza kuchukua hewa juu ya maji, ndiyo sababu twawakuta ndani kabisa ya kinamasi ambako oksijeni karibu haipo. Matumizi yakizidi mapato kwa siku nyingi, vijidudu vya kawaida hushindwa na mahali pake huingia vingine visivyohitaji oksijeni. Hivi ndivyo vinavyotoa gesi iwakayo moto na ile yenye harufu ya mayai viza, ambayo ni sumu kwa samaki.

Hapa ndipo kina kifupi cha ziwa kinapokuwa na maana. Katika ziwa lenye mita chache tu, upepo mkali wa mvua za kwanza huweza kulivuruga tope la chini. Mboji iliyokuwa imetulia huinuka ikadai oksijeni yote kwa mara moja, na ukingo uliofyekwa huongeza udongo na samadi kutoka vilimani. Mwaka 2010 samaki wengi walikufa katika Ziwa Naivasha, Kenya, ambako maelfu ya wafanyakazi hufanya kazi katika mashamba ya maua. Watu wengi walishuku dawa za mashambani. Maofisa wa serikali walitaja upungufu wa oksijeni. Naivasha ni ziwa ambalo mkanda wake wa mafunjo umepunguzwa sana kwa miaka mingi, na kwa hiyo kinachoteremka na mvua hukuta mlango uko wazi.

SOMO LA GUGU MAJI

Tofauti kati ya uozo wa polepole na uozo wa ghafula ilionekana vizuri katika Ziwa Viktoria. Gugu maji, mmea uliotoka Amerika ya Kusini, lilionekana katika Ziwa Kyoga mwaka 1988 na katika Ziwa Viktoria mwaka 1989. Mto Kagera ulikuwa moja ya njia zake. Likipata rutuba na jua, gugu hili huweza kujizidisha mara mbili katika muda wa majuma mawili hivi. Katika miaka ya 1990 lilifunga magati ya wavuvi, likasumbua bandari za Kisumu na Port Bell, na likatishia mitambo ya umeme ya Owen Falls huko Jinja.

Mkeka wa gugu maji huziba upepo na jua, kwa hiyo hukata mapato ya oksijeni. Chini yake majani yaliyokufa huendelea kudondoka na kuoza, kwa hiyo matumizi huongezeka. Hasara huja kutoka pande mbili kwa pamoja. Tangu katikati ya miaka ya 1990 wataalamu waliachilia wadudu wadogo jamii ya fukusi walao gugu hilo tu, na mitambo pia ilitumika kulikata. Ilipofika mwisho wa miaka hiyo gugu lilikuwa limepungua sana, na sehemu kubwa yake ilizama na kuozea chini. Lakini halikwisha. Kila mahali ambapo rutuba ya mashamba na maji machafu ya miji huingia ziwani bila kuchujwa, gugu hupata karamu na kurudi.

Mafunzo ni mawili. Kwanza, mimea ya majini si mibaya wala mizuri kwa jina lake tu. Hutegemea ni kiasi gani hufa, mahali gani na kwa kasi gani. Pili, anayekata gugu maji na kuliacha majini hajafanya kazi. Amebadilisha tu saa ya hasara. Gugu likikatwa lazima livutwe nchi kavu.

UOZO UTOKAO KIWANDANI

Sasa tufike nyumbani kwetu wafanyakazi. Jani la mafunjo si kitu pekee kinachooza majini. Maganda ya kahawa, molasi ya sukari, damu ya machinjioni na mabaki ya maziwa, vyote ni chakula cha vijidudu, na vyote hudai oksijeni. Tofauti ni kwamba mafunjo hudai polepole, na mabaki ya kiwandani hudai leo leo.

Wataalamu hupima dai hilo kwa kuweka maji katika chupa kwa siku 5 katika joto la sentigredi 20 na kuangalia oksijeni iliyotumika. Chukua mfano wa maziwa, kwa kuwa Mbarara ni kitovu cha biashara ya maziwa nchini Uganda. Maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini hudai gramu 30 na zaidi za oksijeni kwa kila lita. Maji machafu ya majumbani hudai sehemu ndogo tu ya gramu moja. Kwa hesabu hiyo, lita moja ya maji ya jibini yaliyomwagwa bila kusafishwa yaweza kumaliza oksijeni ya karibu lita 4,000 za maji safi ya mto. Hayana sumu, na mtu aweza hata kuyanywa, lakini huua samaki kwa kuwanyima pumzi.

Hatusemi kwamba kiwanda fulani kinafanya hivyo. Tunasema kila mfanyakazi wa kiwanda cha chakula ajue nguvu ya kitu anachokishika. Kiwanda chenye madimbwi mazuri ya kusafishia maji huwapa vijidudu nafasi ya kufanya kazi yao ndani ya ua, kabla maji hayajafika mtoni. Ni kazi ile ile ya kinamasi, ila imepangwa na wahandisi.

Kinamasi chenyewe huifanya kazi hiyo bila kudai mshahara. Huko Kampala, kinamasi cha Nakivubo hupokea maji machafu ya mji kabla hayajafika katika ghuba ya ziwa ambako mji huo huo huvuta maji ya kunywa. Wachunguzi waliokipima mwaka 1999 walikadiria kwamba huduma hiyo na nyinginezo zilikuwa na thamani ya hadi dola milioni 1.75 kwa mwaka. Sehemu za kinamasi hicho zimelimwa na kujengwa, na kazi ya kusafisha maji ya mji imezidi kuwa ngumu na ya gharama.

WAFYEKAO UKINGO

Turudi Nakivale na Rwizi. Kwa nini watu hufyeka mafunjo? Jibu si ujinga. Kinamasi kilichofyekwa hutoa mavuno mazuri katika misimu ya kwanza, kwa sababu mlimaji anavuna mboji iliyojengwa kwa miaka mingi. Baba mwenye watoto saba na kipande kidogo cha ardhi, awe mwenyeji au mkimbizi, huona pale nyanya na mahindi, hasa wakati wa kiangazi. Lakini mboji iliyokauka huingiwa na hewa, ikaoza upesi, na mara nyingine huungua moto. Ardhi hushuka, rutuba hupungua, na ghala lililojazwa na mababu huliwa na kizazi kimoja. Baada ya hapo hakuna mafunjo, hakuna mboji, na udongo wa vilimani huteremka moja kwa moja ziwani.

Msumbufu mwingine ni mwenye fedha, ambaye hufyeka kwa ekari nyingi kwa ajili ya kulisha ng'ombe wake, kufyatua matofali au kupanda miti. Huyo hana njaa. Si haki kumkamata mama mwenye jembe na kumwacha mwenye trekta.

Sheria zipo. Ibara ya 237 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema serikali inashikilia maziwa, mito na vinamasi kwa niaba ya wananchi wote. Kanuni za mwaka 2000 ziliweka ukanda wa ulinzi: mita 200 kwa maziwa yaliyoorodheshwa na mita 100 kwa maziwa mengine, mita 100 kwa mito iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mito mingine. Ndani ya ukanda huo hairuhusiwi kulima wala kujenga ovyo. Sheria hiyo ikifuatwa kwa wote sawasawa, ziwa lina matumaini.

Wala hatusemi mafunjo yasiguswe. Wasusi wa mikeka na waezekaji wa nyumba wanayahitaji, na kazi yao ni kazi halali. Mafunjo yakikatwa shina tu, na mzizi ukaachwa, huchipua tena na kurefuka ndani ya mwaka mmoja. Yakikatwa kwa zamu, sehemu hii mwaka huu na ile mwaka ujao, msusi hupata riziki na ziwa hupata posho yake. Kinachoua ni kung'oa mzizi, kuchoma moto na kuchimba mifereji ya kukausha.

YATUPASAYO

Mfanyakazi ananunua samaki, ananywa maji na analipa ankara. Samaki wakipungua, bei hupanda na mshahara unabaki pale pale. Maji yakiwa na tope na uozo mwingi, dawa nyingi zaidi huhitajika kuyasafisha, na gharama hiyo mwishowe humrudia mlaji. Kwa ajili hiyo yafaa tufanye yafuatayo.

Nyumbani, usitie dawa ya klorini katika maji yenye tope au rangi ya chai ukadhani umeyasafisha. Uozo hula dawa kabla dawa haijaua vijidudu vya maradhi. Kwanza yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha utie dawa kama ilivyoelezwa kwenye pakiti. Ukiwa na kuni au makaa, yachemshe.

Shambani, majani ya majini yaliyovutwa nchi kavu ni mali. Gugu maji ni maji matupu kwa sehemu zaidi ya 9 katika 10, kwa hiyo lianikwe siku kadhaa kwanza. Kisha lichanganywe na samadi, majivu na udongo katika rundo, ligeuzwe mara kwa mara, na baada ya miezi miwili au mitatu litakuwa mboji ya kutia migombani. Lililotoka karibu na mifereji ya viwanda au ya mji lisitumiwe kwenye mboga, kwa kuwa gugu hili hufyonza madini yenye sumu.

Katika mashamba makubwa ya chai na miwa, tudai kwamba ukanda wa majani na miti uachwe kando ya kila kijito, na kwamba mbolea isimwagwe siku ya mvua. Mbolea inayoteremka mtoni ni fedha iliyotupwa, nayo hukuza magugu kwa watu wa chini.

Kiwandani, mara nyingi anayefungua koki ya maji machafu usiku ni mfanyakazi wa chini aliyeamriwa. Mambo yakiharibika, yeye ndiye wa kwanza kutajwa. Tusikubali hali hiyo. Chama kiweke katika mazungumzo na mwajiri kwamba amri yoyote ya kumwaga maji ya kiwandani itolewe kwa maandishi na iwe na jina la aliyeitoa, na kwamba mfanyakazi anayekataa kumwaga maji yasiyosafishwa asifukuzwe wala asikatwe mshahara. Vipimo vya zile siku 5 vionyeshwe kwa halmashauri ya wafanyakazi, kama vinavyoonyeshwa vipimo vya joto na kelele.

Katika mkutano ujao wa tawi, wajumbe waulize maswali matatu, na majibu yaandikwe katika kitabu cha kumbukumbu: Maji machafu ya kiwanda chetu huenda wapi? Nani huyapima, na mara ngapi? Na usiku, ufunguo wa koki uko mkononi mwa nani?